Nimenyimwa ramani ya jengo na zimebaki wiki kumi

"Niko mwaka wa nne, nasomea sayansi ya kompyuta hapa Nairobi. Mradi wangu ni programu ya kuiga jinsi watu wanavyotoka kwenye jengo moto ukizuka. Nilichagua jengo la maduka na ofisi lenye ghorofa nane. Wasimamizi walinirudisha mara mbili. Mara ya tatu nilipiga picha za korido, askari wakanisimamia hadi nikazifuta zote. Nikaenda ofisi ya umma nikiamini ramani zilizoidhinishwa ni za wananchi, nikaambiwa nilete barua ya mwenye jengo. Msanifu nimemwandikia barua pepe nne, kimya. Mtandaoni napata ramani za nyumba za kuuza tu. Msimamizi wangu chuoni anataka jengo halisi, na zimebaki wiki kumi. Je, sheria hainipi haki ya kupata ramani hiyo? Au nibadilishe mada?"

Mada usiibadilishe. Badilisha jengo, na ubadilishe kile unachoomba. Wiki kumi zinatosha, mradi usizimalize ukizunguka na bahasha kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Kwenye swali lako kuna hofu mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni kwamba bila ile karatasi hakuna mradi. Ya pili ni kwamba kuna haki yako ambayo mtu ameikalia. Tuanze na hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayokula siku zako.

Ramani ya jengo ina wenyewe watatu, na mara nyingi si mtu mmoja. Kuna mwenye jengo, kuna anayeshika nakala ya karatasi (kaunti, wakala anayesimamia jengo, au kontrakta), na kuna mwenye hakimiliki ya mchoro. Watu wengi hudhani hakimiliki ni ya msanifu moja kwa moja. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haisemi hivyo. Kazi ikiagizwa na mteja, sheria huichukulia hakimiliki kuwa imehamia kwa mteja, isipokuwa makubaliano yao yawe yameizuia. Sasa, mikataba ya wasanifu mara nyingi huizuia kweli. Kwa hiyo msanifu hajui kama anaruhusiwa kukupa bila kumuuliza mteja, mteja hajui kama anaruhusiwa bila kumuuliza msanifu, na karani wa kaunti hataki kuingia kati ya wawili hao. Kila mmoja akikutuma kwa mwenzake, usidhani wamekula njama. Hakuna kati yao anayepata faida kwa kusema ndiyo, na kila mmoja anaweza kulaumiwa akisema ndiyo.

Halafu kuna usalama. Meneja yeyote wa jengo la maduka mjini hapa anakumbuka mashambulizi ya kigaidi ya Westgate, Septemba 2013, na ya hoteli ya Dusit pale Riverside, Januari 2019. Jaribu kulisikia ombi lako kwa masikio yake: kijana asiyemjua, bila barua, anataka ramani inayoonyesha milango yote ya kutokea, ngazi zote, na mahali watu watakapokwama wakikimbia. Kisha siku chache baadaye kijana huyohuyo anakamatwa na askari akipiga picha korido. Hata ningekuwa mimi ningekataa. Zile picha ulizofuta zilikuumiza kuliko barua pepe zote, na pale umeshajulikana, kwa hiyo jengo hilo liache.

Kuhusu sheria, haki ipo, ila haina umbo ulilolifikiria. Katiba kifungu cha 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, kaunti zikiwemo. Ombi ni la maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, kulipeleka hakulipiwi (gharama ya nakala ndiyo unaweza kutozwa), na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ukinyimwa, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman, ipitie uamuzi huo. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu ofisi kukataa pale habari inapoweza kuhatarisha usalama, kuingilia faragha ya mtu, au kuumiza biashara na haki za ubunifu za mtu wa tatu. Ramani ya ndani ya jengo la mtu binafsi inaweza kugusa yote matatu. Kwa jengo la umma la kawaida, kwa mfano soko la kaunti au maktaba, ombi lako lina miguu. Kwa jengo la mtu binafsi utatumia wiki tatu hadi nane kupata jibu ambalo huenda likawa hapana, na mradi hauna wiki hizo. Ukitaka kuliandika liandike leo, kisha lisahau uendelee na kazi.

Sasa ile hofu ya kwanza, na hapa nina neno kwa msimamizi wako pia. Ramani iliyoidhinishwa si picha ya jengo lililopo. Ni picha ya jengo lililoombewa kibali. Kati ya mhuri na leo, duka moja limegawanywa kuwa vibanda sita, varanda imezibwa kwa vioo ikawa ofisi, ngazi ya nyuma imekuwa stoo ya maboksi, na mlango wa dharura uliochorwa ukifungukia nje umebadilishwa ukawa wa geti unaofungukia ndani, tena na kufuli. Ukiingiza ramani ya kaunti kwenye programu yako, unaiga watu wakikimbia kwenye jengo ambalo halipo. Kwa mradi wa uokoaji, vipimo ulivyochukua mwenyewe mwezi huu ni ushahidi mzuri kuliko karatasi yenye mhuri. Mwambie msimamizi wako hivyo, kwa adabu. Nadhani atakubali, kwa sababu neno lake lilikuwa "jengo halisi", na jengo halisi linapatikana kwa tepu.

Tena angalia programu yako inakula nini. Haihitaji mabomba, nyaya, misingi wala jina la kila ofisi. Inahitaji kuta zinazozuia njia, upana wazi wa milango na upande inakofungukia, upana wa ngazi kati ya vishikio, urefu na kina cha vipandio, umbali kutoka kona ya mbali kabisa hadi mlango wa kutokea, na idadi ya watu kwa kila chumba. Ghorofa nane nazo ni za nini? Jengo la ghorofa nane kwa kawaida lina ramani tatu tu za maana: ya chini, ya ghorofa ya kawaida inayojirudia, na ya juu. Ukiomba tatu badala ya nane, na ukaomba kuta na milango tu, umepunguza ombi hadi mahali mtu anaweza kukubali bila kumpigia wakili simu.

Kwa hivyo jengo gani? Anza na la chuo chako. Kila chuo kina idara inayoshughulikia majengo na matengenezo, na humo ndani kuna michoro, mingine kwenye mirija ya karatasi juu ya kabati, mingine kwenye faili za DWG, yaani michoro ya kompyuta. Mwenye jengo na mwenye nakala hapo ni mtu mmoja, na ni mtu ambaye mkuu wa idara yako anaweza kumpigia simu. Bweni au jengo la madarasa lenye ghorofa nne au tano lina tabia zote unazotaka kuiga: ngazi mbili, korido ndefu, msongamano saa kamili ikigonga. Tena idadi ya watu hutaikisia, utaihesabu mlangoni. Tena unaweza kwenda siku ya zoezi la moto, ukapima sekunde za watu halisi wakishuka ngazi na kuzilinganisha na programu yako. Jengo la maduka lisingekupa hilo kamwe.

Wakikupa mchoro, kitu cha kwanza ni kuuliza ulichapishwa kwenye karatasi ya ukubwa gani. Mchoro wa A1 wa kipimo cha 1:100 (sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya jengo) ukipunguzwa hadi A3 unakuwa 1:200, lakini maandishi pembeni yataendelea kudai 1:100. Kuna miradi iliyotoka na vyumba vya mita mbili kwa sababu hiyo. Pima kitu kimoja kinachojulikana, kama upana wa korido, kwenye karatasi na kwenye jengo, ndipo uanze.

Wasipokupa, pima mwenyewe kwa ruhusa yao ya maandishi. Watu wawili, tepu ya mita 5, tepu ya mita 30 au mita ya leza ya kuazima, ubao wa kuandikia, penseli, na Jumamosi mbili. Kabla ya kupima chochote, tembea ghorofa nzima na uichore kwa mkono, kubwa, ukurasa mzima kwa kila vyumba vitatu au vinne. Mchoro ukiwa mdogo namba zitabanana, na usiku ule hutajua 3.42 ilikuwa ya ukuta gani.

Kwenye ukuta wenye milango na madirisha usipime kipande kwa kipande. Shikilia sifuri ya tepu kwenye kona moja na usome mfululizo: fremu inaanza 0.85, inaisha 1.76, dirisha linaanza 2.40, ukuta unaisha 4.20. Ukipima vipande, kosa la sentimita moja kwa kila kipande linajumlishwa. Ukisoma mfululizo, kosa linabaki mahali lilipotokea.

Kisha mishazari, yaani mistari ya kutoka kona hadi kona inayoikabili. Hapa ndipo wengi wanapokata kona, na ndipo ramani zao zinapokataa kufunga. Chumba cha mita 4.20 kwa 3.60 kikiwa na pembe mraba sawasawa, mishazari yote miwili inatoa 5.53. Ukipata mmoja 5.58 na mwingine 5.48, pembe zake zimepotoka kwa kama nyuzi 1. Inaonekana kidogo, lakini ukikichora kana kwamba kiko sawa, mwisho wa ule ukuta wa mita 4.20 utakuwa umehama kwa karibu sentimita 8, na chumba cha jirani kitaanza vibaya, na cha tatu vibaya zaidi. Fundi aliyejenga alikuwa na pima maji na timazi, lakini skwea, ile ya kupimia pembe mraba, si kila mara.

Unene wa ukuta upime kwenye uwazi wa mlango, usiukisie. Jengo la mawe ya mashine yetu linakudanganya kwa sababu mchoro huandika jiwe tupu: ukuta wa 150 wenye plasta ya milimita 15 kila upande ni 180, na wa 200 ni 230. Halafu funga hesabu. Tuseme korido ina vyumba sita vya mita 3.60 na kuta tano za kati za 0.18. Jumla ni 22.50. Tepu ndefu kwenye korido inasema 22.62. Hizo sentimita 12 usizigawanye kimyakimya kwa vyumba vyote ili mchoro upendeze. Rudi uangalie: mara nyingi ni nguzo iliyofichwa ndani ya ukuta mmoja, au njia ya mabomba iliyozibwa.

Milango ya kutokea ifungue hadi nyuzi 90 na upime uwazi wenyewe, kutoka uso wa ubao hadi fremu ya upande wa pili. Mlango unaoitwa wa milimita 900 hauachi 900 ya kupita, na ni ule upana uliobaki ndio unaoamua watu wangapi wanapita kwa dakika. Ngazi pima kati ya vishikio, wala si kati ya kuta. Hesabu vipandio: 20 vya milimita 165 vinakupa mita 3.30 kutoka sakafu hadi sakafu, bila kuning'iniza tepu dirishani. Angalia tu kipandio cha kwanza na cha mwisho, maana vigae vilivyowekwa baadaye huvifanya vitofautiane na vingine, na hapo ndipo watu hujikwaa.

Kuna simu zenye kihisi cha laida (kinachopima umbali kwa mwanga wa leza) zinazochora chumba ukitembea nazo. Zinasaidia kupata umbo haraka, lakini kwenye korido ndefu makosa hulimbikizana. Tumia, kisha uthibitishe kwa tepu vipimo vitano au sita. Picha za setilaiti na OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, zitakupa mzingo wa nje, basi.

Njia nyingine nazitaja kwa haraka, kwa kuwa kwako si za kwanza. Ile ramani ya kutokea wakati wa moto iliyobandikwa karibu na lifti iko wazi kwa kila mgeni, na inaonyesha mpangilio wa vyumba vizuri, ila haina kipimo na mara nyingi imevutwa upande mmoja ili ienee kwenye fremu. Ukiitumia, iba umbo, si urefu. Makampuni yanayouza fleti Kilimani au Ruaka yanagawa vipeperushi vyenye ramani na vipimo vya kila chumba. Vinafaa kwa fleti moja lakini ngazi na korido huachwa nje au hupambwa. Fleti zilizosajiliwa chini ya Sheria ya 2020 ya Mali za Sehemu zina ramani rasmi ya kila sehemu kwenye sajili ya ardhi, iliyotayarishwa na mpima ardhi mwenye leseni. Ina mipaka na ukubwa, lakini usitegemee kuona humo mlango unafungukia wapi. Kwa majengo ya zamani, tasnifu za wanafunzi wa usanifu kwenye maktaba za vyuo ni hazina inayosahaulika: wengi wao wamepima majengo ya mjini na michoro iko nyuma kwenye viambatisho. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue nazo zinafaa kwa majengo ya serikali ya enzi za ukoloni, ukiwa na subira ya kupekua faharasa.

Ungekuwa unafunza kompyuta kutambua vyumba kwenye picha, ningekupeleka kwenye mkusanyo wa CubiCasa5K, ramani 5,000 kutoka Ufini zilizo wazi kwa utafiti. Kwa uokoaji hautakusaidia sana, kwa kuwa ni nyumba za kuishi za huko.

Tukirudi kwenye barua, maana hata chuoni utaihitaji. Usimpe askari wala dada wa mapokezi. Msimamizi wa jengo jina lake liko kwenye kibao karibu na lifti, na msanifu mara nyingi yuko kwenye jiwe la ufunguzi; ukimpata jina, rejista ya bodi ya wasanifu itakuonyesha kama bado anafanya kazi. Barua iwe ya idara, yenye namba ya simu ya msimamizi wako, ukurasa mmoja. Andika unataka ghorofa zipi, na kwamba unataka kuta, milango na ngazi tu. Ahidi kwamba jengo litaitwa "Jengo A", kwamba hutaonyesha kamera, vyumba vya pesa wala vya mitambo, kwamba watasoma rasimu kabla haijawasilishwa, na kwamba faili zitafutwa baada ya mtihani. Kisha ongeza sentensi moja ambayo hufungua milango kuliko zote: kama kutoa nakala ni vigumu, naomba kuuangalia mchoro ofisini kwenu kwa saa moja na kuandika vipimo kumi na viwili. Mtu anayeogopa kutoa karatasi haogopi kukuketisha mezani kwake. Baada ya siku kumi za kazi bila jibu, piga simu mara moja, halafu achana nao.

Ukipata jengo, usikimbilie kuliingiza lote. Jaribio la kwanza la programu za aina hii ni korido tupu ya mita 40 kwa upana wa mita 2, na mtu mmoja anayetembea mita 1 kwa sekunde. Asipofika mwisho kwa sekunde 40, kasoro iko kwenye programu na hakuna ramani itakayoiponya. JuPedSim, programu ya Ujerumani ya kuiga mwendo wa watu, ni ya bure na inafaa kulinganisha matokeo yako. Hili unaweza kulifanya wiki hii, ukiwa bado unasubiri barua.

Kuna mahali usiguse kabisa: vituo vya polisi, kambi, uwanja wa ndege, balozi, Ikulu na maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi. Hapo kuchora tu kunaweza kukufikisha mahakamani. Droni nayo ina kanuni zake na inahitaji kibali, usiazime ya rafiki ukairushe juu ya bweni.

Na kuna mambo ya kwenda kumwona mtu ana kwa ana. Muulize mratibu wa miradi kama kazi yako inahitaji idhini ya kamati ya maadili au leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), hasa ukirekodi watu kwenye zoezi la moto, kwa kuwa video ya nyuso ni data binafsi chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Leseni hiyo, ujue, haimlazimishi mwenye jengo kukufungulia. Askari akikushika, usibishane wala usikimbie. Toa kitambulisho cha chuo, omba aitwe meneja, mpigie msimamizi wako palepale. Na katika kupima kwako, ukikuta mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, au nguzo yenye ufa unaoonyesha chuma, usisubiri siku ya kuwasilisha mradi. Ya kufuli mwambie afisa wa majengo siku hiyohiyo kwa maandishi, ukimnakili msimamizi wako. Ya nguzo, toka kwanza, kisha umwite mhandisi wa chuo aje aione.